Kutoka Mshumaa hadi Tanzi la Waya: Historia ya Kuondoa Uvimbe Mdogo wa Duodeni bila Kupasua Tumbo



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, katika familia nyingi siku hizi hakosekani mtu aliyewahi kuambiwa hospitali kwamba atapigwa kipimo cha endoskopi, yaani ameze mpira mwembamba wenye taa na kamera ili tumbo lake lionekane kwa ndani. Wengi hukiogopa, na wengine hukikimbia. Lakini wachache wanajua kwamba mpira huo hauangalii tu. Kwa kupitia humo humo daktari anaweza kukata uvimbe mdogo ulioota ndani ya utumbo na kuutoa kwa njia ya mdomo, na mgonjwa asiwe na kovu hata moja tumboni.

Leo tumeona tueleze historia ya jambo hilo katika sehemu moja tu ya mwili, nayo ni duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Tumeichagua kwa sababu ndiyo sehemu iliyowapa matabibu shida kubwa kuliko nyingi, na kwa sababu historia yake inatufunza jambo moja wazi: ugonjwa ulioonekana ukiwa mdogo huondolewa kwa kazi ndogo, na kwa miaka mingi watu walikufa kwa sababu hakuna aliyeweza kuona.

Utumbo wa vidole kumi na viwili

Chakula kikitoka tumboni huingia kwanza katika duodeni. Ni utumbo mfupi, urefu wake kiasi cha sentimita 25 hadi 30, umejikunja kama herufi C na kulikumbatia kongosho. Katikati yake kuna kitundu kidogo ambamo nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho hutiririka ili kusaga chakula. Kitundu hicho hubeba jina la Abraham Vater, mwanachuoni wa Ujerumani aliyekieleza mwaka 1720.

Jina la utumbo huu lina safari yake. Herophilus, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Iskandaria nchini Misri yapata miaka 300 kabla ya Nabii Isa (a.s.), aliupima kwa upana wa vidole vya mkono, akauita wa vidole kumi na viwili. Matabibu walioandika kwa Kiarabu wakauita al-ithna ashari, yaani wa kumi na mbili, na ndivyo ulivyoitwa katika vitabu vya tiba kama Qanuni ya Ibn Sina. Katika karne ya 12, mjini Toledo huko Hispania, mfasiri Gerard wa Cremona alizigeuza kazi hizo kuwa Kilatini, na kutokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya kumi na mbili dunia ikapata jina duodeni.

Gerard huyo huyo alifasiri pia sehemu ya upasuaji ya kitabu cha al-Tasrif cha Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Qurtuba aliyefariki yapata mwaka 1013. Kitabu hicho kina makala 30, na ya mwisho ndiyo ya upasuaji, yenye michoro ya vyombo takriban 200. Humo al-Zahrawi ameeleza namna ya kuondoa nyama iliyoota ndani ya pua: kwanza kwa ndoano na kisu, kisha kwa uzi uliopigwa mafundo, unaoingizwa puani, ukatolewa kooni na kuvutwa huku na huku mpaka uyakate mabaki. Wanafunzi wetu waukumbuke uzi huo, maana mbele kidogo tutakutana na ndugu yake.

Hapa tuseme kweli, maana elimu ni amana. Si sawa kudai, kama wafanyavyo baadhi ya watu, kwamba Waislamu wa zamani waligundua endoskopi. Hawakuigundua. Walichofanya ni kuhifadhi elimu, kuiongeza na kuiandika vizuri hata wengine wakajenga juu yake. Heshima hiyo inatosha, haihitaji kuongezwa chumvi.

Kwa nini uvimbe wa hapo uliogopwa

Duodeni imekaa nyuma kabisa tumboni, imebanwa na kongosho, ini na mishipa mikubwa ya damu. Uvimbe ukiota hapo hauonekani wala haushikiki kwa mkono. Mgonjwa alikuwa haendi kwa tabibu mpaka macho yageuke manjano kwa sababu njia ya nyongo imezibwa, au mpaka atapike kila anachokula. Wakati huo uvimbe umekwisha kuwa mkubwa.

Mwaka 1898, huko Baltimore nchini Marekani, daktari William Halsted alimpasua mwanamke mwenye uvimbe kwenye kitundu cha Vater, akaukata na kuiunganisha upya mirija ya nyongo na kongosho. Mama huyo alipata nafuu, lakini ugonjwa ulirudi na miezi michache baadaye akafariki. Mwaka 1909 Walther Kausch wa Ujerumani alithubutu kukata sehemu ya duodeni pamoja na sehemu ya kongosho. Kisha mwaka 1935 Allen Whipple na wenzake wa New York wakaandika habari za wagonjwa 3 waliofanyiwa upasuaji wa namna hiyo kwa awamu mbili. Mpaka leo upasuaji wa kuondoa duodeni na kichwa cha kongosho unaitwa kwa jina la Whipple.

Ni upasuaji mzito, wa masaa mengi. Daktari hukata duodeni, kichwa cha kongosho na sehemu ya njia ya nyongo, kisha huunganisha upya tumbo, nyongo na kongosho kwenye utumbo uliobaki. Katika miongo ya mwanzo wagonjwa wengi walifariki kabla hata ya kutoka hospitali. Siku hizi hali imekuwa bora sana kwa madaktari waliobobea, na kwa saratani iliyokwisha kuzama bado ndiyo tiba inayotegemewa. Lakini fikirini, ndugu wasomaji: kwa uvimbe mdogo kama punje ya mahindi, mtu apasuliwe kiasi hicho? Swali hilo lisingeweza kujibiwa bila ya kwanza kuuona uvimbe huo ukiwa bado punje.

Safari ya mwanga

Mtu wa kwanza kutengeneza chombo cha kupeleka mwanga ndani ya mwili alikuwa Philipp Bozzini, daktari kijana wa Frankfurt. Mwaka 1806 alionyesha kisanduku chenye mshumaa, kioo cha kurudisha mwanga na mirija ya kuingizwa katika matundu ya mwili. Wakubwa wa kitivo cha tiba cha Vienna walikipinga, na Bozzini akafariki mwaka 1809 kwa homa ya tayfasi aliyoambukizwa na wagonjwa aliokuwa akiwatibu. Hakuwahi kuona matunda ya kazi yake.

Mwaka 1868, huko Freiburg, Adolf Kussmaul alijiuliza kama bomba lililonyooka linaweza kupita kooni hadi tumboni. Jibu alilipata kwa mwanamazingaombwe aliyekuwa akimeza panga mbele ya watu. Mtu huyo aliweza kukinyoosha kichwa na shingo hata bomba gumu la chuma, urefu wake sentimita 47, likashuka mpaka tumboni. Bomba lilifika, lakini mwanga haukutosha na giza likabaki pale pale.

Miaka mingi ilipita. Mwaka 1932 Rudolf Schindler wa Munich, akishirikiana na fundi Georg Wolf wa Berlin, alitoa chombo kinachopinda kidogo sehemu ya mbele, chenye lenzi nyingi ndani yake. Sasa tumbo likaweza kutazamwa kwa hatari ndogo zaidi. Lakini Schindler alikuwa na asili ya Kiyahudi, na utawala wa Wanazi ulimfunga. Mwaka 1934 alihamia Chicago, na Marekani ikapata mwalimu ambaye nchi yake ilimtupa.

Hata hivyo duodeni ilikuwa bado haijafikiwa, kwa sababu chombo kigumu hakiwezi kukata kona za tumbo. Ilihitajika kamba inayopinda kila upande huku ikipitisha picha. Januari 1954, wanasayansi Harold Hopkins na Narinder Kapany wa London walieleza katika jarida la Nature namna ya kusafirisha picha kwa kifurushi cha nyuzi nyembamba za kioo. Mwanga ukiingia ncha moja ya uzi hugonga kuta na kurudi ndani, hugonga na kurudi, mpaka utokee ncha ya pili, hata kama uzi umepinda. Hiyo ni kanuni ya kupinda na kurudi kwa mwanga, elimu ambayo Ibn Sahl wa Baghdad aliiandikia katika karne ya 10, na Ibn al-Haytham akaipa kitabu kizima, Kitab al-Manazir.

Makala hiyo ilisomwa na Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Akafunga safari mpaka London kujionea. Nyuzi za mwanzo zilivujisha mwanga kila zilipogusana. Mwanafunzi mmoja wa fizikia, Lawrence Curtiss, akapata dawa yake mwishoni mwa mwaka 1956: akaufunika kila uzi kwa koti la kioo cha aina nyingine, na mwanga ukatulia ndani. Tunapenda wanafunzi wetu walizingatie hilo. Aliyefungua mlango hakuwa profesa, alikuwa kijana ambaye bado anasoma.

Februari 1957 Hirschowitz alikimeza chombo hicho yeye mwenyewe kabla ya kumwingizia mgonjwa. Mwaka 1961 alichapisha katika jarida la Lancet namna ya kuchunguza tumbo pamoja na mwanzo wa duodeni. Jicho la mwanadamu likawa limefika mahali pale kwa njia ya mdomo.

Kutoka kuona hadi kukata

Baada ya kuona, mkono nao ulitaka kufanya kazi. Mwaka 1969, mjini New York, Hiromi Shinya na William Wolff walipitisha tanzi jembamba la waya ndani ya mpira wa endoskopi, wakakinasa kinyama kilichoota kwenye utumbo mpana, wakakaza tanzi na kupitisha umeme. Waya ukakata na papo hapo ukaunguza mishipa ya damu isivuje. Huyo ndiye ndugu wa uzi wa al-Zahrawi tuliyemtaja.

Tatizo likabaki kwa vinyama visivyo na kikonyo, vilivyolala bapa juu ya ukuta wa utumbo. Ukivikata, waweza kuutoboa ukuta. Mwaka 1973 Deyhle na wenzake wakaonyesha njia: kuchoma sindano chini ya uvimbe na kutia maji ili ngozi ya ndani iinuke kama lengelenge, kisha kukata juu ya lengelenge hilo. Katika miaka ya 1980 Wajapani waliiendeleza njia hiyo kwa uvimbe wa mwanzo wa tumbo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kutumia visu vidogo vya umeme vya kubandua uvimbe mpana ukiwa kipande kimoja.

Duodeni nayo ilikuwa ikisogelewa. Mwaka 1974 madaktari wa Erlangen nchini Ujerumani, na wengine wa Kyoto nchini Japani, walifaulu kupanua kitundu cha nyongo kwa waya wa umeme kupitia mdomo. Katika miaka ya 1980 zikaanza kuandikwa habari za uvimbe wa kitundu chenyewe kuondolewa kwa njia hiyo. Miaka hiyo hiyo kamera ndogo za kielektroniki zikachukua nafasi ya nyuzi za kioo, na badala ya daktari mmoja kuchungulia kwa jicho moja, chumba kizima kikaona picha kwenye skrini.

Ukuta mwembamba kama karatasi

Mtu atauliza: kama vinyama vya utumbo mpana vilikatwa tangu mwaka 1969, kwa nini duodeni ilichelewa? Sababu ni tatu:

1. Ukuta wake ni mwembamba sana, na una mishipa mingi ya damu. Kosa la milimita moja laweza kutoboa au kumwaga damu.

2. Nyongo na maji ya kongosho hupita juu ya kidonda. Maji hayo kazi yake ni kusaga nyama, na hayabagui nyama ya chakula na nyama ya kidonda. Kwa hiyo ukuta waweza kutoboka au damu ikatoka siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani.

3. Mahali penyewe ni pembamba na pana kona, mpira haukai imara mkononi mwa daktari.

Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa hadhari kubwa. Mgonjwa hukaa bila kula kwa masaa kadhaa, hupewa dawa ya usingizi, na mpira hushushwa taratibu mpaka duodeni. Daktari huukagua uvimbe na kupima ukubwa wake. Ukiwa mkubwa kidogo hutia sindano ya maji ya chumvi yaliyochanganywa na rangi ya buluu ili ngozi iinuke. Ikikataa kuinuka, huenda uvimbe umezama ndani, na hapo daktari mwenye hekima husimama na kufikiri upya. Ikiinuka, tanzi hupitishwa, hukazwa, na uvimbe hukatwa. Kidonda mara nyingi hufungwa kwa vibanio vidogo vya chuma, na uvimbe hutolewa kupelekwa maabara.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2021, jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa endoskopi ilishauri kwamba vinyama visivyo saratani vya duodeni vyenye ukubwa chini ya milimita 6 vikatwe kwa tanzi baridi, yaani bila umeme, kwa kuwa moto ndio unaodhuru ukuta mwembamba. Vikubwa zaidi hukatwa kwa njia ya lengelenge. Wengine hutumia mbinu ya kuujaza utumbo maji badala ya hewa ili uvimbe uelee wenyewe. Mbinu hiyo ilielezwa kwa ajili ya utumbo mpana mwaka 2012, kisha ikaletwa kwenye duodeni. Ajabu ni kwamba baada ya kupata umeme, kamera na kompyuta, matabibu wamerudi kwenye waya baridi na maji.

Vinyama vya kurithi, na uvimbe wa Istanbul

Aina mbili za uvimbe huu zinahusu sana familia.

Ya kwanza ni vinyama vya kurithi. Kuna ugonjwa wa ukoo ambao vinyama mamia huota katika utumbo mpana tangu ujana. Waliotolewa utumbo mpana wakaokoka walidhani wamemaliza, kumbe vinyama vilikuwa vikiota katika duodeni. Mwaka 1989 Allan Spigelman na wenzake wa London waliweka madaraja ya kupima ukali wa vinyama hivyo, na tangu hapo watu wa ukoo huo huchunguzwa kwa mpira mara kwa mara maishani mwao. Basi mzazi akifariki kwa saratani ya utumbo akiwa bado kijana, watoto wasifichwe. Habari hiyo ni haki yao, na yaweza kuokoa maisha yao.

Ya pili ni uvimbe unaokua polepole, ambao Siegfried Oberndorfer wa Munich aliupa jina la karsinoidi mwaka 1907, maana yake unaofanana na saratani. Oberndorfer naye alifukuzwa na Wanazi kama Schindler. Mwaka 1933 alipokelewa Uturuki, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Istanbul mpaka alipofariki mwaka 1944. Leo uvimbe wa aina hiyo katika duodeni, ukiwa hauzidi milimita 10, haujazama wala kufika kwenye tezi, na hauko kwenye kitundu cha nyongo, kwa kawaida huondolewa kwa mpira wa endoskopi bila kupasua.

Mambo ya kuzingatia

Uvimbe mdogo mara nyingi hauna dalili, na wengi hugunduliwa kwa bahati mtu akipimwa vidonda vya tumbo. Lakini kuna ishara zisizofaa kutibiwa nyumbani kwa dawa za kutuliza tumbo mwezi baada ya mwezi: choo cheusi kama lami, macho ya manjano, upungufu wa damu usio na sababu, kukonda, na kutapika kusikokwisha. Katika miji mikubwa ya nchi zetu zipo hospitali zenye kipimo hiki. Kukata uvimbe wa duodeni ni kazi ya waliobobea, kwa hiyo si aibu kumuuliza daktari kama ameshaifanya, na kuomba barua ya kwenda kwa aliye mzoefu. Aliyekatwa naye asidhani amemaliza. Hurudi kuangaliwa, kwa kawaida baada ya miezi 3, kwa kuwa vinyama hivi vina tabia ya kuota tena.

Na kwa wanaouliza kuhusu funga: Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilihesabu mpira wa kuangalia tumbo kuwa miongoni mwa mambo yasiyofunguza, madhali haukuambatana na kuingiza maji au kitu kingine. Kukata uvimbe huhitaji maji na dawa, basi hali yake ni nyingine, na mgonjwa anayo ruhusa yake inayojulikana. Asiiahirishe tiba kwa kuogopa deni la siku moja, amuulize mwalimu wake na alipe akipona.

Ndugu wasomaji, tangu mshumaa wa Bozzini mpaka tanzi la leo imepita miaka zaidi ya 200. Walioleta faida hii ni Wagiriki, Waarabu, Wajerumani, Wajapani, Mhindi, na mzaliwa wa Afrika Kusini. Baadhi yao walidharauliwa na wengine walifukuzwa makwao. Wengi wao hawakumjua mgonjwa ambaye leo analala jioni katika kitanda chake mwenyewe, tumbo zima, badala ya kulala wodini na mshono mrefu. Anayepewa barua ya kwenda kupimwa asiifungie kabatini. Mwanga huo umetafutwa kwa muda mrefu, na haumsaidii anayeukimbia.